FUAWE SI CHUMA CHAKAVU!



Tumechoka kunyamaza. Tangu mavuno yaishe, wanunuzi wa chuma chakavu wamepita hapa na mizani yao mara tatu. Safari ya mwisho wameondoka na fuawe ya marehemu mhunzi wetu. Kijana aliiuza asubuhi, mama yake yuko shamba, dada zake hawana habari. Pesa haikufika Jumapili. Sasa majembe yetu tunayapeleka mjini kwa nauli.

Wako wanaosema: "Chuma ni chuma, na mali ni ya mwenyewe, auze apendavyo." Maneno hayo tunayakataa yote mawili.

Kwanza, chuma si chuma. Fuawe nzuri ya kizamani ina mwili wa chuma laini kilichofuliwa, na juu yake uso wa feleji ulioungwa kwa moto, unene kama nusu inchi. Ndiyo maana hupigwa nyundo baba na mwana isibonyee. Mnunuzi analipa bei ya misumari yenye kutu. Akifika mjini anaiuza kwa mafundi kama chombo cha kazi. Huo ni ulanguzi, jamani, tuuite kwa jina lake!

Pili, mali ya urithi ina wenyewe, haina mwenyewe. Mjane ana haki, na watoto wa kike wana haki. Kijana mmoja hawezi kuibeba begani peke yake.

Lakini haki bila ujuzi haisaidii. Wengine fuawe iko chini ya mwembe, kuku wanalala juu, na hawajui ni nini. Basi hebu tufanye hivi:

1. Ioshe, isugue taratibu kwa brashi ya waya, kisha paka chaki ubavuni. Maandishi yatajitokeza. Ukikuta jina kama Peter Wright, hiyo ilitengenezwa Dudley, Uingereza, na mafundi wanaiheshimu.

2. Soma namba. Fuawe nyingi za Kiingereza zina namba tatu, mathalani 1 2 10. Mnunuzi alisema eti ni namba ya kiwanda. Si kweli, ni uzito! Namba ya kwanza, kila moja ni ratili 112. Ya pili, kila moja ni ratili 28, nayo haizidi 3. Ya tatu ni ratili zenyewe, haizidi 27. Basi 112 na 56 na 10 ni ratili 178, yaani karibu kilo 81. Za Kijerumani kwa kawaida huandikwa kilo moja kwa moja. Sisi tulioshika chaki tukiwa watu wazima hatutadanganywa kwa hesabu ya kujumlisha.

3. Pima uso. Chukua gololi ya beringi, idondoshe toka inchi 10. Ikiruka kurudi inchi 7 au zaidi, uso ni mzima. Ikishindwa kufika hata inchi 5, basi ni chuma cha kumiminwa tu, au uso umelainika kwa moto. Jaribu sehemu zote, maana penye ufa gololi huzimika.

4. Tazama kingo, pembe, na matundu mawili ya mkiani, la mraba na la mviringo. Kingo zikimeguka kidogo bado ni fuawe. Uso ukibonyea sana au pembe ikikatika, thamani inashuka.

5. Usiinoe kwa mashine ing'ae, wala usiitie motoni. Ule uso wa feleji ukiisha, umeharibu mwenyewe.

Na kipande cha reli nacho si takataka. Nacho ni feleji, na wahunzi wengi wanakitumia.

Ukishajua hayo, thamani usiitafute kwenye mizani peke yake. Uliza bei kwa mafundi wawili wasiojuana, uliza na bei ya mpya dukani. Halafu hesabu: kijiji kikinoa majembe mjini msimu mzima, nauli ni kiasi gani?

Wengine watasema ushirika unataka kunyang'anya. Hapana! Fuawe ibaki ya wenyewe. Mjane anaweza kumkodisha fundi kijana, akalipwa pesa au akanolewa majembe bure, na fuawe ikabaki yake. Hiyo ni bora kuliko pesa ya siku tatu.

Kwa hiyo tunataka mkutano ujao uamue: kila fuawe iandikwe ofisini, jina la ukoo, uzito na alama zake, na isiuzwe mpaka warithi wote wakae pamoja, mama akiwemo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye fuawe aje siku ya gulio. Chaki na gololi vipo.

Katibu wa Tawi