Mshenga wa Ndani ya Simu

Kule Wingwi, Pemba, mshenga hutumwa na wazee kupeleka posa. Ikikataliwa, naye huona haya. Ndoa ikifungwa, naye hupata heshima. Vijana wetu wa mjini sasa wana mshenga mwingine, wa ndani ya simu. Tinder, iliyoanza mwaka 2012, ni mali ya kampuni ya Match Group ya Marekani, ambayo hutegemea zaidi ada za wanachama. Mwanachama akioa, ada imekatika! Mwezi Februari 2024 watumiaji kadhaa waliishtaki kampuni hiyo huko California, wakidai programu zake zimeundwa ili ziwanase, kampuni ilikanusha. Binti hulipishwa hata kuwaona waliompenda. Wingwi, habari hiyo mama yake huletewa mlangoni bure, pamoja na ukoo wa mposaji.