Huyu Daktari wa Mifupa Alipuuzwa Miaka 40. Sisi Tunampuuza Nani?

Kama umewahi kwenda wodi ya mifupa kumuona mtu aliyevunjika paja, labda uliona mguu wake umelazwa katikati ya vyuma viwili virefu, juu kuna pete imeshika paja, chini mguu umevutwa kwa kamba. Hicho kifaa kinaitwa banzi la Thomas. Madaktari na manesi wanalitaja kila siku. Lakini huyo Thomas ni nani? Wacha niwape stori yake, kwa sababu mimi naona inatuhusu sana.

Hugh Owen Thomas alizaliwa 1834 kule Anglesey, kisiwa cha Wales, kwa ukoo wa waunga mifupa. Nimesema waunga mifupa, sio madaktari. Ni wale watu wa kijijini ambao babu alimfunza baba, baba akamfunza mtoto, bila cheti chochote. Babake, Evan, alihamia Liverpool na watu wakamjalia mlangoni. Madaktari wenye vyeti hawakufurahia. Alipelekwa kortini zaidi ya mara moja. Mzee akaona watoto wake lazima wasome, na vijana wake wote watano wakawa madaktari.

Hugh alisoma Edinburgh na London, akapata leseni yake 1857. Alirudi kufanya kazi na babake, lakini wakakosana, akaenda kujianzia kliniki. Maisha yake yote hakuwahi kupata cheo kwa hospitali yoyote kubwa. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, mwembamba, jicho moja limeharibika tangu utotoni, kofia kichwani na sigara mdomoni. Vifaa vyake alitengenezewa hapo hapo kwake, na fundi wa chuma na fundi wa ngozi. Jumapili alitibu maskini bure.

Imani yake ilikuwa moja: mfupa au kiungo kilichoumia kinataka kupumzishwa. Kipumzishwe kwa lazima, bila kukatizwa, na kwa muda mrefu. Kumbuka hiyo ni enzi ambayo madaktari wengi wa upasuaji walikuwa wepesi kukata mguu. Mwaka wa 1875 alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya nyonga, goti na kifundo cha mguu, na banzi lake likiwa ndani. Alikuwa amelitengeneza kwa sababu ya magoti yenye ugonjwa, lakini likafaa kabisa kwa paja lililovunjika.

Wakubwa wa taaluma walimsikiliza? Wapi! Alikufa 1891 akiwa na miaka 56. Maskini wa Liverpool walijaa barabarani kumzika, lakini banzi lake halikuwa limekubalika kwa hospitali nyingi za nchi yake.

Halafu vita vya kwanza vya dunia vikaja, 1914. Wanajeshi wakaanza kupigwa risasi za paja. Paja likivunjika, misuli mikubwa inavuta ncha za mfupa zinapitana, zinakata nyama na mishipa, na mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani ya paja bila wewe kuona hata tone. Kila ukimbeba anatingishika, na kila akitingishika anaumia zaidi. Robert Jones, mpwa wa mke wa Thomas, aliyelelewa kikazi na Thomas mwenyewe, ndiye aliyesukuma jeshi la Uingereza litumie hilo banzi. Wabeba machela wakafunzwa kulifunga hata gizani. Hesabu inayotajwa sana inasema kabla ya hapo karibu 80 kwa kila 100 waliovunjika paja walikufa, na baadaye ikashuka hadi karibu 20.

Sasa hapa ndipo mimi nakasirika. Hicho chuma kilikuwepo tangu 1875! Hao vijana wa mwanzo wa vita walikufa na dawa yao iko kwa kitabu.

Kuna watu watasema Thomas alijiharibia mwenyewe. Ni kweli alikuwa mkali, aligombana na kila mtu na kuwashambulia wenzake kwa maandishi. Sawa. Lakini mdomo wa mtu sio kipimo cha kazi yake. Walimpima kwa ukoo na kwa cheo, hawakupima banzi.

Na sisi? Hapa Kenya, bodaboda ikianguka, wa kwanza kufika sio daktari. Ni mwendesha boda mwingine, mama wa kibanda, kondakta wa matatu. Wanambeba mtu kama gunia, wanamkalisha kwa pikipiki nyingine, paja linaning'inia. Halafu tunawalaumu. Nani aliwafunza? Tunawaona ni watu wa stage tu, na wao ndio wabeba machela wetu.

Hata waunga mifupa wetu wa kijijini, tunawacheka au tunawaabudu, hakuna katikati. Wengine wana mikono mizuri. Wengine wanafunga vijiti vikikaza sana, damu haipiti, mguu unaoza na unakatwa. Evan Thomas hakuwaambia wanawe wautupe ujuzi wa ukoo. Aliwapeleka mahali ungepimwa. Hiyo ndiyo njia. Kaunti ziwaite, ziwafunze, ziwape mahali pa kupeleka mgonjwa mapema.

Na kila stage ya boda ifunzwe mambo machache. Usimnyanyue mtu haraka kama hakuna hatari pale alipo. Usijaribu kunyoosha mguu uliopinda. Piga simu ya ambulensi. Msaada ukichelewa, weka kitambaa katikati ya miguu, ufunge ule mbovu na ule mzima kwa leso, bila kukaza, na uangalie vidole visigeuke rangi wala kupoa.

Leso iko kila nyumba. Hatungoji chuma kutoka Liverpool, tunangoja mtu wa kuwafunza watu wa stage. Tag mwakilishi wenu wa wadi hapa chini, tumuulize yeye anangoja nini.