Nguo Chafu Katika Nchi ya Watu

Kijana mmoja jirani yetu hapa Tena, karani kwa kazi yake, amepata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mafunzo ya majuma matatu. Alipokuja kunipa habari hiyo njema nilimpongeza, kisha nikamwuliza, “Na nguo zako utazifuaje huko?” Akacheka. Akanijibu, “Mzee, nitachukua mashati ishirini na moja, moja kwa kila siku.”

Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo katika safari yangu ya kwanza ya London. Mashirika mengi ya ndege hukadiria kilo 23 kwa sanduku moja, na mtu akishatia mashati ya siku zote hizo, suruali, viatu, koti la baridi, na unga na majani ya chai aliyoagizwa na ndugu walioko huko, mizani humwaibisha mbele ya watu. Mimi nilifungua sanduku langu chini sakafuni uwanjani, nikatoa nusu ya nguo na kumrudishia mke wangu aliyekuwa amekuja kuniaga. Basi nikafika London na mashati saba.

Siku ya saba nilisoma karatasi iliyokuwa kabatini mwa chumba cha hoteli, iliyoonyesha bei za kufuliwa nguo. Nilidhani macho yangu yamekosea. Bei ya kufua shati moja tu ilipita ujira niliokuwa nikimpa mama anayetufulia nyumbani kwa kutwa nzima, naye hufua nguo za watu sita pamoja na mashuka! Niliirudisha karatasi ile mahali pake polepole, kama mtu aliyeshika nyoka.

Ikawa hapana budi nifue mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kufua. Nilipokuwa shule nilifua, bila shaka, lakini tangu nilipoanza kupokea mshahara nguo zangu zilikuwa zikiondoka chafu na kurudi safi, nami sikuuliza zimepita wapi.

Yafuatayo niliyajua kwa taabu, nami namwandikia kijana huyu pamoja na kila msomaji atakayesafiri. Kwanza, usingoje nguo ziwe rundo. Fua shati na soksi za siku ile jioni ile ile, katika bakuli la kunawia. Kola na ncha za mikono ndizo zenye uchafu, kwa hiyo anza huko. Chukua kipande cha sabuni ya mche, wala si sabuni ya maji, kwa sababu tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege haviruhusu abiria kuingia ndani na chupa ya maji maji ipitayo mililita 100. Kipande cha sabuni hakuna atakayekuuliza habari zake.

Tena utaona jambo la ajabu: sabuni haitoi povu vizuri. Maji ya London yana chokaa nyingi, kwa kuwa nchi ile ya kusini mwa Uingereza imelala juu ya miamba ya chokaa, na birika la chai hufanya ukoko mweupe ndani. Sisi tuliozoea maji laini yatokayo bwawa la Ndakaini twaweza kushangaa, ingawa mkazi wa Tena ambaye mfereji wake hutoa maji kwa zamu, akalazimika kununua mitungi ya maji ya chumvi ya kisima kirefu, hatashangaa sana. Dawa yake ni ile ile. Ongeza sabuni kidogo, na suuza mara mbili, la sivyo shati litakauka gumu kama ngozi ya mbuzi.

Kukausha ndiko kugumu kuliko kufua. Wakati wa baridi huko jua ni pambo tu. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa mwanafunzi mwenzetu alinifundisha hivi: tandaza taulo kavu kitandani, lalisha shati juu yake, uvikunje pamoja kama mkeka, kisha simama juu yake kwa miguu mitupu. Taulo hunywa maji, na shati likitundikwa usiku huvaliwa asubuhi. Lakini usilitandike shati juu ya kipasha joto cha umeme, kwa maana huko ni kuitafuta ajali ya moto.

Suruali nzito na mashuka yapeleke katika maduka ya mashine za kufulia, ambamo mtu hulipa, akatia nguo, akaketi kungoja. Waingereza walifungua duka la kwanza la namna hiyo mwaka 1949 mtaani Queensway, London, na Wamarekani walikuwa wamewatangulia huko Fort Worth, Texas, mwaka 1934. Kabla ya kutia kitu, soma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya nguo. Picha ya beseni lenye namba 30 au 40 ni kipimo cha moto wa maji usichopaswa kukizidi. Mkono ndani ya beseni maana yake fua kwa mkono. Beseni lililopigwa alama ya kukata, usilifulie maji kabisa. Duara ndani ya mraba ni habari ya mashine ya kukaushia, ambayo huweza kuifanya fulana ya sufu imtoshe mtoto wa miaka mitatu.

Mimi sikusoma. Mke wangu alikuwa amenitilia khanga nyekundu mpya ya kujifunika usiku, nami nikaitumbukiza pamoja na mashati yangu yote saba, maji yakiwa ya moto sana. Saa moja baadaye nilitoa mashati saba ya rangi ya waridi. Siku nne nilikwenda darasani nimevaa rangi hiyo, na mwalimu wetu, mtu mwenye adabu nyingi, hakutaja neno, ila alikuwa akinitazama kifuani kabla ya kunitazama usoni. Basi nguo mpya ya rangi ijaribu kwanza: lowesha pembe yake, isugue kwa kitambaa cheupe, uone.

Mwenzangu mwingine, ndugu kutoka Uganda, alicheka hata machozi yakamtoka, kisha akanipa onyo ambalo lina faida zaidi kwa wasafirio karibu. Huko Uganda, na Kongo pia, na katika nchi nyingine za joto za Afrika, yuko nzi ambaye hutaga mayai katika nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini majanini. Funza akitoka katika yai huingia katika ngozi ya mvaaji, na pale pakaota jipu. Kwa hiyo ukifua huko piga pasi ya moto kila nguo, pande zote mbili, hata nguo za ndani na soksi, na ukandamize mishono. Usidhani kwamba pasi ni kwa ajili ya urembo tu.

Aendaye Dubai ajue kwamba manispaa ya huko haipendi nguo zianikwe barazani mwa maghorofa zikaonekana njiani, na huweza kumtoza mtu faini. Lo! Sheria hiyo ingeletwa Tena, ni nyumba gani ingesalimika? Na arudiye nyumbani asitie nguo zake chafu katika mfuko wa plastiki, kwa sababu mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Shona mfuko wa kitambaa.

Niliporudi, mama afuaye alikuja Jumamosi kama desturi. Niliketi nikamtazama akifua tangu asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alianza na kola. Maji ya kusuuza mashuka hakuyamwaga, aliyatumia kufulia matambara, kisha kuoshea sakafu, na yaliyosalia akayapeleka msalani. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya unga. Jioni nilimlipa mara mbili ya ujira wa zamani, akazihesabu fedha, akanirudishia nusu akidhani nimekosea. Ilinilazimu kumweleza habari ya ile karatasi ya hoteli, na hata hivyo sidhani kwamba aliniamini juu ya bei ya shati.

Kijana wetu anaondoka mwezi ujao. Jana jioni nilipita mbele ya nyumba yake nikamwona ameinama juu ya beseni, mikono imejaa povu, na mama yule yule amesimama kando yake, kitambaa chake kiunoni, akimkemea: “Kola kwanza, baba! Kola kwanza!”