Pua ya Mzee Isipuuzwe
Chimala ni nchi ya mpunga. Mzee aliyezoea kuutambua wali wa Usangu ungali jikoni, akiacha kusikia harufu yake, jamaa husema ni uzee au mafua. Mara nyingi ndivyo. Lakini katika ugonjwa wa Parkinson pua huweza kufa miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai na kutangazwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Walio wengi hawakuwa wamepata kutambuliwa. Dawa ya kupunguza kukakamaa ipo, lakini itamfikiaje mgonjwa asiyejulikana?

Waganga wa zahanati za Mbarali wawaulize wazee kuhusu harufu. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Jibu si hukumu; litamfanya mganga auangalie mwendo wa mzee huyo kila afikapo.