Land Rover Kuukuu Huuawa na Jalada Kabla ya Kutu

Nyuma ya ofisi nyingi za umma, pale ambapo nyasi hazifyekwi ila siku ya kuja mgeni, huwapo Land Rover iliyokalishwa juu ya magogo. Magurudumu yamekwisha kuondolewa. Kioo kimoja hakipo, kuku hutagia kwenye kiti cha dereva, na nyuma bado zasomeka herufi ST au SM za namba yake. Mtumishi mgeni akiuliza gari hilo linangoja nini, hujibiwa kwamba jalada lake liko juu. Hiyo "juu" haielezwi ni wapi.

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa jambo hili lina uzito wa pekee. Kabla barabara ya kilomita zipatazo 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay haijatiwa lami katika miaka hii ya karibuni, safari ya kuteremka kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, ambalo limelala kwenye kimo cha mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ilikuwa ni safari ya Land Rover, ya lori lenye dereva shupavu, au ya miguu. Wakati wa mvua dereva alifunga minyororo kwenye magurudumu, na utingo akatembea kando ameshika jiwe la kuzuia gari lisirudi nyuma. Land Rover ndizo zilizopeleka wagonjwa katika hospitali za Litembo na Liuli. Ndizo zilizobeba karatasi za mitihani, mishahara ya walimu, dawa za mibuni na, mara nyingi, watu ishirini mahali palipotengenezwa kwa kumi.

Wapo wasemao kwamba enzi hiyo imekwisha, kwamba lami imefika na magari madogo ya Kijapani yanatosha, basi machuma hayo na yaende zake. Usemi huo ni wa mtu aishiye kando ya lami. Vijiji vingi vya milimani bado hufikiwa kwa njia za udongo, na huko mtu mwenye Land Rover ya mwaka 1975 inayotembea ni mtu wa maana kuliko mwenye gari jipya lisilopita.

Yafaa kutazama wenzetu wanavyofanya, hata kama sababu zao si zetu. Nchini Marekani kuna magari ya miaka ya 1960, kama vile Pontiac GTO na Ford Mustang zilizotoka mwaka 1964, au Dodge Charger, ambayo wenyewe huyatukuza kwa injini zake kubwa na mbio zake. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 magari ya namna hiyo yalipoteza soko, mengi yakatupwa mabandani na kwenye majalala ya vyuma. Leo watu huyatafuta huko, huyasafisha, huyajenga upya na kuyauza kwa fedha nyingi. Kwa macho ya mkulima wa Mbinga hayo ni mambo ya anasa, na ni kweli. Lakini limo neno moja la kujifunza. Kitu cha kwanza anachokitazama mnunuzi wa huko siyo rangi. Hutazama kama namba iliyogongwa kwenye injini na ile ya gari lenyewe zinalingana na kumbukumbu zilizoandikwa. Chuma kilichooza chenye karatasi kamili kina thamani kuliko chuma kizima kisicho na asili.

Land Rover yenyewe iliumbwa kwa kufufuliwa. Ilipotokea mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini ambao haupati kutu kama chuma. Kinachooza ni chesisi, kwa kuwa ni mabomba ya mraba yanayoshika tope na maji kwa ndani. Nayo huweza kukatwa na kuchomelewa na fundi wa kawaida mwenye mtambo wa kuunga vyuma. Bodi hufungwa kwa bolti, kipande kwa kipande. Ile iitwayo 109, kwa hesabu ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ina springi za pleti ambazo hupangwa upya chini ya mwembe. Hafu-shafti zake hukatika, jambo hilo halina ubishi, lakini dereva mzoefu hubeba ya akiba na kuibadili njiani.

Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na spea zikawa ndoto, mafundi walijifunza kukereza bushi, kukata gasketi na kutia injini ya aina nyingine mahali pa ile iliyokufa. Mmarekani apendaye magari ya kale angelia kuona Land Rover yenye injini ya Isuzu. Mgonjwa anayeteremshwa kutoka milimani hana habari hiyo.

Sasa turudi kwenye jalada. Gari likiharibika, dereva huandika, na ofisa usafirishaji naye huandika. Makisio ya matengenezo huletwa, yakaonekana kuwa makubwa kuliko fungu lililobaki. Jalada likafungwa kungoja mwaka ujao. Mwaka ujao ofisa amehamishwa. Gari lililokuwa na shida ya gasketi tu sasa halina betri. Baadaye alternata yake huazimwa na gari jingine, kisha redieta, wala maazimo hayo hayaandikwi popote. Miaka minane ikipita huja wakaguzi, nao husema kweli tupu kwamba gari halifai. Hapo hunadiwa. Lakini kadi yake haionekani masijala, kwa hiyo fundi aliyetaka kulifufua hawezi kulisajili kwa jina lake. Anayelimudu ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hahitaji kadi ila mizani. Alumini chakavu huyeyushwa ikasubiwa masufuria.

Itasemwa kwamba taratibu hizo zimewekwa ili kulinda mali ya umma, na kwamba zikilegezwa watakuwapo wa kuliharibu gari makusudi ili walinunue. Hofu hiyo ni ya haki, maana watu wa namna hiyo wapo. Ila sheria haimwagizi mtu kukaa na jalada miaka minane, wala haimkatazi kuandika kila kifaa kinachoondolewa na kuitunza kadi. Gari lililonadiwa mapema, karatasi zake zikiwa kamili, huipatia Serikali fedha zaidi kuliko mifupa. Mengine yangeweza kupelekwa kwenye vyuo vya ufundi badala ya mnadani. Mwanafunzi aliyefungua giaboksi ya Land Rover na kuifunga tena ikafanya kazi ameelewa kitu ambacho ubao na chaki haviwezi kumpa, na walimu wa ufundi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tena ufuko huo si mgeni wa kazi hii. Meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli iliposhambuliwa na Waingereza Agosti 1914. Walirudi kuiharibu mwaka 1915, na baadaye wao wenyewe wakaitengeneza na kuiendesha kwa jina la King George V. Maadui waliona hasara kuiacha ioze.

Mvua za Ruvuma huanza kiasi cha Novemba. Boneti ikiachwa wazi na plagi zikiwa zimeng'olewa, maji huingia kwenye silinda, na ifikapo Mei pistoni zimeshikana na kuta zake. Kazi iliyohitaji saini moja mwezi Oktoba huhitaji injini nyingine. Majalada yaliyoko mezani yangeweza kupitiwa kabla ya mvua hizo.