Mpungate: Miiba kwa Mfugaji, Faida kwa Nani?

Miaka michache iliyopita nilizuru Laikipia Kaskazini, katika viunga vya Doldol. Mzee mmoja mfugaji alinishikia mbuzi wake, akamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa umevimba na ulimi umejaa vijiiba laini mithili ya unywele. "Mwalimu," aliniambia, "mmea huu unaniulia mifugo, nanyi wasomi mwauandikia sifa." Kauli hiyo haijanitoka akilini, na ndiyo inayonisukuma kuandika leo.

Mmea aliousema ni mpungate, aina ya dungusi ambayo asili yake ni mabara ya Amerika. Uliletwa kwetu enzi za ukoloni, ukapandwa kuwa ua na pambo. Ua likaruka ua. Tembo na nyani hula matunda yake na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi chao, na kila bapa linaloanguka chini huota mizizi. Malisho yaliyodhoofishwa na ukame hayakuwa na nguvu ya kuuzuia.

Hata hivyo, sifa za mpungate si za kubuni. Tofauti na mimea mingi, hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, jua likiwa limetua, hivyo hupoteza maji kidogo mno. Takriban asilimia 90 ya bapa lake bichi ni maji. Nchini Meksiko, ambako tai wa bendera ya taifa amesimama juu ya mpungate, mabapa machanga hupikwa kama mboga. Katika eneo la Tigray, Ethiopia, tunda lake huitwa beles, na kaya nyingi hulitegemea katika miezi ya mvua, kabla ya mavuno mapya kuingia ghalani. Kaskazini mashariki mwa Brazili, wafugaji huulima mahususi kwa ajili ya ng'ombe. Papa hapa Laikipia, wapo wanawake waliokwisha kutengeneza jemu, sharubati na hata gesi ya kupikia kutokana na mmea huo huo uliowafilisi.

Kwa nini basi mzee yule hajafaidika? Penye miti hapana wajenzi. Ili bapa limfae mbuzi, sharti miiba iunguzwe kwanza, likatwekatwe, kisha lichanganywe na nyasi kavu, kwa kuwa lina protini haba na likiliwa peke yake huharisha mifugo. Kazi hiyo yahitaji kichomeo, mashine ya kukatia, nyasi za akiba na afisa wa mifugo anayefika nyanjani. Jemu nayo yahitaji chupa, kibali cha ubora, barabara na soko. Mmea upo tele. Kinachokosekana ni huduma za serikali. Kilimo na ufugaji viligatuliwa kwa kaunti na Katiba ya 2010. Swali hili, kwa hiyo, ni la bajeti kabla ya kuwa la botania.

Hapa lazima nitoe tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba mipungate si mmoja. Ule unaolimwa duniani kwa tunda na malisho mara nyingi ni aina isiyo na miiba mikali. Ule uliotuvamia Laikipia ni mwingine, wenye miiba na vijiiba. Anayesoma sifa za wa kwanza kisha akapanda wa pili amejitafutia balaa, na jirani zake pia.

Ya pili ni kwamba tiba yaweza kuzaa ugonjwa. Australia iliuangamiza mpungate wake kwa viwavi wa nondo walioletwa kutoka Argentina mwaka 1925. Nasi tumeleta wadudu wa jamii ya kochinili wanaofyonza mabapa, na dalili za mafanikio zimeonekana. Lakini Tigray, mwanzoni mwa karne hii, kochinili walipelekwa kwa ahadi ya biashara ya rangi nyekundu. Wadudu wakasambaa nje ya mipaka iliyokusudiwa, wakashambulia beles ambayo ni chakula cha maskini. Ahadi ya soko haikuwalipa fidia.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Tuvune mpungate uliokwisha kutuvamia kama mtu avunavyo magugu: kwa nia ya kuumaliza. Wadudu waendelee na kazi yao chini ya uangalizi wa watafiti wetu. Kaunti iwalipe vijana wa jamii husika kuung'oa, na mapato yatokanayo na matunda yabaki kwa wenye ardhi, ambayo kisheria ni ardhi ya jamii. Anayetaka kuulima kibiashara aanze na aina isiyo na miiba, kwa idhini na mbali na malisho. Tusikubali kamwe kiwanda kitakachohitaji mpungate usiishe ili faida isikatike. Hapo tutakuwa tumeligeuza janga la mfugaji kuwa mtaji wa mwingine.

Nikirejea Doldol, sitampelekea mzee yule orodha ya faida za mpungate. Orodha hiyo anayo. Nitamuuliza kama kaunti imemletea kichomeo.