Watoto wa Masieda nao wacheze na maji

Mzazi wa kata ya Masieda anayetaka kuwapeleka watoto kucheza na maji wakati wa likizo hana pa kwenda karibu. Ziwa Eyasi lina chumvi na kiangazi hukauka sehemu kubwa. Ziwa Basotu kule Hanang ni la maji baridi, lakini lina viboko, na maji baridi yaliyotuama ndimo wanamoishi konokono wanaoeneza kichocho. Basi halmashauri ijenge uwanja mdogo wa maji: sakafu ya zege isiyoteleza, mabomba yanayorusha maji juu, na pasiwe na kina cha kumzamisha mtoto.

Watu watauliza, na wana haki: ndoo bado ziko foleni, iweje tuchezee maji? Maji ya kunywa yatangulie daima, hilo halina mjadala. Ila maji haya ya kuchezea hayapotei. Yakishawarukia watoto, yateremke kwa mfereji hadi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ambalo lazima lijazwe hata hivyo. Kwa hiyo mradi wa birika unapochorwa, sakafu hiyo iingizwe kwenye mchoro huohuo, juu kidogo ya birika.